Kumtegemea Mungu si Kumtegea



Katika lugha yetu ya Kiswahili yako maneno mawili ambayo sauti zake zakaribiana sana, lakini maana zake ziko mbali kama mashariki na magharibi. Neno la kwanza ni kutegemea, na la pili ni kutegea. Mtu anayemtegemea mwenziwe humwekea imani, akajua ya kuwa hatatupwa siku ya shida. Mtu anayemtegea mwenziwe hukaa kivulini wakati jembe li mikononi mwa mwenziwe, kisha saa ya kula ikifika huja mbele na sahani yake. Kila mwanafunzi aliyepata kufanya kazi ya bustani hapa shuleni awajua wategeaji, wala hana haja ya kufundishwa.

Naandika haya kwa sababu naona ya kuwa Wakristo wengi siku hizi, wakubwa kwa wadogo, tunapozungumza habari za Mungu twayachanganya maneno haya mawili. Twasema twamtegemea Mungu, kumbe twamtegea. Jambo hili si la mzaha. Limewaharibia vijana masomo yao, limewatia wazazi hasara, na mahali pengine limewapotezea watu uhai. Kwa hiyo yafaa tulitazame kwa makini.

Shule yetu ni ya Serikali. Katika mabweni yetu wanakaa Wakristo wa madhehebu mengi, Waislamu, na wengine ambao hawakuchagua njia yoyote. Siandiki ili kumvuta mtu atoke kwake aje kwangu. Mimi si mchungaji wala padre. Ni mwalimu wa Baiolojia, na ni Mkristo wa kawaida. Nasema na Wakristo wenzangu, lakini nadhani hata wengine wataona neno la kuwafaa, maana hofu ya kesho haiulizi mtu dini yake.

Tuanze na mtihani, kwa kuwa ndiyo hofu iliyo karibu nasi. Kila mwaka, Kidato cha Nne wanapokaribia mwezi wa Novemba, twaona watu wa namna tatu. Wa kwanza ni yule ambaye hakufungua daftari mwaka mzima, naye sasa amekuwa mtu wa maombi. Anakesha usiku kucha akiomba, na mchana analala darasani. Ukimwuliza habari za masomo, atakujibu, "Mwalimu, namtumaini Mungu." Wa pili ni yule aliyesoma sana, lakini moyo wake umejaa woga hata hali chakula. Anaona ya kuwa akianguka mtihani, basi dunia yake imekwisha, na wazazi wake hawatamtazama usoni. Wa tatu ni yule anayetafuta mtu wa kumwuzia maswali kabla ya siku, ama anayeandika majibu katika kiganja cha mkono. Naye pia, msishangae, Jumapili huimba kwaya.

Watu hawa watatu waonekana tofauti, lakini mimi nasema ugonjwa wao ni mmoja. Wote watatu hawamtumaini Mungu. Wa kwanza anamtegea. Wa pili anadhani Mungu atakuwa pamoja naye akifaulu tu, na akianguka atamwacha. Wa tatu amekwisha kuamua ya kuwa ukweli hauwezi kumlisha, na kwamba uongo una nguvu kuliko Mungu. Basi, kumtumaini Mungu ni nini?

Katika Biblia, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, iko habari ya safari ya Mtume Paulo alipopelekwa Roma akiwa mfungwa. Chombo chao kilipatwa na dhoruba kali siku nyingi, jua halikuonekana wala nyota, hata watu wakakata tamaa. Ndani ya chombo walikuwamo watu 276. Paulo akawaambia ya kuwa malaika amemtokea usiku, na kwamba hapana hata mmoja wao atakayekufa. Hiyo ilikuwa ahadi kamili ya Mungu. Mtegeaji angaliisikia ahadi hiyo angalijinyosha akalala.

Lakini tazameni mambo yaliyofuata. Usiku mmoja mabaharia walitaka kutoroka kwa siri katika mashua ndogo. Paulo alipowaona, alimwambia akida wa askari ya kuwa watu hao wasipobaki chomboni, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba za mashua, ikaenda zake. Kisha kulipokaribia kupambazuka aliwasihi wote wale chakula wapate nguvu, naye mwenyewe akatwaa mkate, akashukuru, akala. Baada ya hapo wakatupa ngano baharini ili chombo kiwe chepesi. Mwishowe chombo kikavunjika katika kisiwa cha Malta; wajuao kuogelea wakaogelea, wasiojua wakashika mbao, na wote 276 wakafika pwani salama.

Nadhani habari hii yatosha kumfundisha kila mtu. Ahadi ilitoka kwa Mungu, wala Paulo hakuwa na shaka nayo. Hata hivyo mabaharia walitakiwa wafanye kazi yao, chakula kililiwa, shehena ilitupwa, na wenye kuogelea waliogelea. Ahadi ya Mungu haikuondoa kazi ya mabaharia, bali iliwapa watu moyo wa kuifanya kazi hiyo wakati wa giza. Hayo ndiyo matumaini ya Kikristo. Mwenye matumaini ni mtu ambaye, kwa sababu anajua yuko mikononi mwa nani, mikono yake mwenyewe haitetemeki anapofanya kazi.

Wahenga wetu walisema, "Jitihada haiondoi kudura." Wako watu wanaoitumia methali hii kama mto wa kulalia. Husema, "Kama Mungu amekwisha kuandika, nijisumbue kwa nini?" Lakini isomeni vizuri. Methali yenyewe imeanza na neno jitihada. Yasema na mtu aliyekwisha kujitahidi, yamfariji asijivune akipata wala asijiue kwa majonzi akikosa. Mtu asiye na jitihada methali hii haimhusu hata kidogo. Yake ni ile ya mtaka cha mvunguni.

Sasa natoka katika Biblia niingie katika historia ya Afrika ya Mashariki, maana mfano wa karibu huonekana vizuri zaidi.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, jina lake Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Alikuja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, mkewe alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Na baada ya siku chache mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Mtu anayedhani ya kuwa imani ni bima ya mabaya angaliandika barua kwao siku ile, akisema, "Mungu amenidanganya, leteni meli nirudi." Krapf alibaki. Alikuwa amekwisha kuanza kujifunza Kiswahili na kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, akaendelea na kazi ile. Mwaka 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Mwaka 1850 kikachapwa kitabu cha Krapf cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, na yeye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1881, hakuishika mkononi.

Rebmann naye alikaa Rabai hata mwaka 1875, karibu miaka 29, bila kurudi kwao. Mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, akaandika habari hiyo. Baadhi ya mabingwa wa jiografia kule Ulaya, ambao hawakupata kukanyaga nchi hii, walimcheka. Watu waliobatizwa mikononi mwake walikuwa wachache mno. Mwisho macho yake yakapofuka, akarudi Ujerumani, akafa mwaka 1876.

Sisemi ya kuwa wamisionari wa zamani hawakuwa na makosa. Walikuwa nayo, na wanafunzi wa Historia wameyasoma. Nasema tu ya kuwa watu hawa wawili hawakupima matumaini yao kwa matokeo ya upesi. Kama Mungu angekuwa kwao kama duka, mtu atoa fedha apate sukari, wangaliondoka mwaka wa kwanza. Walifanya kazi ya kalamu, neno baada ya neno, na leo mwanafunzi anayefungua kamusi ya Kiswahili anakula matunda ya mti ambao mbegu yake ilipandwa karibu na kaburi.

Tuje sasa kwa vijana wenyewe, tena Waafrika. Mwaka 1886, katika nchi ya Buganda, Kabaka Mwanga aliwaua vijana waliokuwa watumishi wa nyumba yake kwa kuwa walikataa kuiacha dini yao na kukataa maovu aliyowataka wayafanye. Mkubwa wao alikuwa Charles Lwanga. Alikuwa amepewa cheo hicho baada ya Joseph Mukasa Balikuddembe kuuawa mwezi wa Novemba 1885, kwa sababu alimwonya Kabaka juu ya kumwua Askofu James Hannington. Lwanga alijua vizuri hatari ya kiti alichokalia. Hakukimbia, aliendelea na kazi yake ya kuwaangalia vijana wadogo waliokuwa chini yake. Hatari ilipokuwa mlangoni aliwabatiza wale ambao walikuwa bado kubatizwa, na miongoni mwao alikuwamo Kizito, kijana mwenye umri wa miaka 14 hivi, yaani umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 Wakatoliki kuwa watakatifu.

Na ili tusijivune Wakristo peke yetu, yafaa tukumbuke ya kuwa miaka kumi hivi kabla ya hapo, wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, vijana Waislamu wa nyumba ile ile ya kifalme waliuawa kwa kuwa hawakukubali kuvunja amri za dini yao. Uhodari wa moyo Mungu hakuugawa kwa kabila moja wala kwa dhehebu moja.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Vijana wa Namugongo hawakuokolewa na moto. Wale vijana watatu katika kitabu cha Danieli waliokolewa na tanuru, lakini kabla ya kutupwa ndani walimwambia mfalme ya kuwa Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa wao hawataisujudia sanamu. Katika jibu lile la vijana wa Danieli, sisi hupenda kukumbuka sehemu ya kwanza tu. Lakini nguvu ya imani yao imo katika sehemu ya pili. Mtu awezaye kusema "hata asiponiokoa" hapana mfalme awezaye kumnunua kwa fedha wala kwa vitisho.

Mfano wa mwisho ni wa karibu zaidi, hata baadhi ya wazazi wetu waukumbuka. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, kisha akawa mchungaji, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na sehemu ya mashariki ya Kongo. Huo ulikuwa wakati wa utawala wa Idi Amin, watu wakikamatwa usiku wasionekane tena. Luwum alikwenda ofisini kwa wakubwa kuwaulizia watu waliopotea, mara kwa mara. Mwezi wa Februari 1977 yeye na maaskofu wenziwe walimwandikia Rais barua ya kulalamika juu ya mauaji. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, na Serikali ikatangaza ya kuwa wote watatu wamekufa kwa ajali ya motokaa. Watu hawakuyasadiki maneno hayo. Alizikwa kwao, Mucwini. Tangu mwaka 2015 tarehe hiyo ni siku ya mapumziko katika Uganda nzima.

Luwum hakukaa nyumbani akisema, "Nitaomba tu, Mungu atashughulika na Amin." Aliomba, kisha akaandika barua na kutia sahihi. Sahihi yake ilikuwa tendo la imani kama sala yake.

Baada ya kusema hayo, hapana budi niseme juu ya matumaini ya uongo, maana siku hizi yanauzwa kila mahali, na watoto wetu ndio wanunuzi.

Mwezi wa Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada ya kikundi kilichokuwa kikihubiri mwisho wa dunia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, jimbo la Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Mashtaka yaliyopelekwa mahakamani yalisema ya kuwa watu hao walifundishwa kujinyima chakula hata kufa ili wamwone Yesu. Hawa hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa akina baba na akina mama kama wazazi wetu, waliouza mali zao na kuwatoa watoto shuleni, wakidhani ya kuwa wanamtumaini Mungu kuliko sisi sote.

Basi kijana atajuaje matumaini ya kweli na ya uongo? Mimi naona ziko alama tatu.

Kwanza, matumaini ya uongo humtenga mtu na wajibu wake. Humwambia mwanafunzi aache shule, mgonjwa aache dawa, mama aache kumlisha mtoto. Matumaini ya kweli humrudisha mtu kwenye wajibu wake akiwa na nguvu mpya. Shetani alimwambia Yesu ajitupe chini kutoka juu ya hekalu, ati malaika watamdaka, naye Yesu alikataa, akasema mtu asimjaribu Mungu. Kuacha dawa ili uone kama Mungu atakuponya ni kujitupa chini kutoka juu ya hekalu.

Juu ya dawa nitaongeza neno kidogo, kwa kuwa ndilo somo langu. Katika nchi hii, makanisa ndiyo yaliyojenga hospitali nyingi. Hospitali ya K.C.M.C. pale Moshi na ile ya Bugando pale Mwanza, zote mbili zilifunguliwa mwaka 1971, na zote zilitokana na juhudi za Wakristo. Kama kumtumaini Mungu kungekuwa ni kukataa dawa, wazee wetu wa imani wasingalihangaika kutafuta saruji na vitanda. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi akimeza dawa zake kila siku, virusi huzuiliwa visizaliane, na mwili wake hujenga tena kinga. Akiziacha, virusi huongezeka tena, hata kama siku ile anajiona mzima. Mtu yeyote anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo, "Umepona, tupa vidonge," yafaa aulizwe kama yuko tayari kuwalea watoto wa marehemu.

Pili, matumaini ya uongo hudai bei. Huuza mafuta, maji, vitambaa, na kalamu zilizoombewa za kufanyia mtihani. Wazazi wangu, nawasihi kwa heshima. Fedha ya kalamu ya namna hiyo yatosha kununua vitabu. Kalamu haijui Hesabu. Kumwombea mtoto ni jambo jema, na mzazi asiyemwombea mtoto wake amemnyima kitu kikubwa. Lakini maombi ya mzazi hayana risiti.

Tatu, matumaini ya uongo huona haya kushindwa. Mtu akianguka mtihani, au akifiwa, huambiwa, "Imani yako ni ndogo," ama "Umerogwa." Ni mzigo juu ya mzigo. Krapf alizika mke na mtoto. Je, imani yake ilikuwa ndogo? Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondoka. Anayefundisha ya kuwa mwenye imani hupata kila anachotaka, hana budi atueleze habari za Gethsemane.

Najua liko swali ambalo wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita wataniuliza, maana wao hupenda hoja. Watasema, "Mwalimu, kama Mungu hakuahidi ya kuwa tutafaulu, na kama kazi ni yetu, kuna faida gani ya kumwomba? Si afadhali tusome tu?" Swali hili ni zuri, wala halifai kujibiwa kwa kukemea.

Jibu langu ni hili. Mtoto humwomba baba yake vitu vingi. Baadhi hupewa, baadhi hunyimwa. Lakini mtoto anayeweza kumwomba baba yake hukua tofauti na mtoto aliye peke yake duniani. Hulala usingizi usiku. Hana haja ya kuiba, kwa kuwa anajua ya kuwa hata akikosa ana nyumba ya kurudi. Vivyo hivyo kwa Mkristo. Mwanafunzi asiye na mahali pa kurudi, ambaye mtihani ndio mungu wake, huyo atafanya lolote ili mungu wake asimkasirikie: atanunua maswali, ataiba majibu, na akianguka aweza hata kujidhuru. Lakini yule anayejua ya kuwa thamani yake haikuandikwa katika cheti, aweza kukaa mbele ya karatasi ngumu akaandika analolijua, akaacha asilolijua, akatoka nje kichwa juu. Huo ni uhuru mkubwa, nao hauuzwi popote.

Basi, natoa mashauri machache, si amri.

Kwenu wanafunzi: ombeni, kisha msome, someni, kisha mlale. Sala ya nusu saa na usingizi wa kutosha vyampendeza Mungu kuliko mkesha unaofuatwa na kusinzia darasani. Viongozi wa UKWATA na wa vikundi vingine vya dini, pangeni saa za ibada zisizoingia katika saa za masomo ya jioni. Mkimwona mwenzenu amejaa woga, msimhubirie tu. Kaeni naye mfanye Hesabu pamoja. Na mtu akiwaletea maswali ya mtihani kwa siri, mkataeni, hata kama kukataa huko kutawagharimu daraja.

Kwenu walimu wenzangu: tusimcheke mwanafunzi anayeomba, wala tusimwachie anayejificha nyuma ya maombi. Tumwambie wote wawili ukweli. Tena sisi nasi tuna namna yetu ya kumtegea Mungu. Mwalimu anayeingia darasani bila kuandaa somo, kisha akawaombea baraka watahiniwa siku ya mahafali, amefanya kama yule mwanafunzi wa mkesha.

Kwenu wazazi: mwambieni mtoto kabla ya mtihani, si baada yake, ya kuwa akifaulu ni mtoto wenu na akianguka ni mtoto wenu. Semeni kwa maneno yaliyo wazi, maana wengi wanalijua jambo hilo lakini hawajalisikia likitamkwa. Mtoto hujifunza kumtumaini Baba aliye mbinguni kwa kumwona baba aliye nyumbani. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya daraja sifuri, mtamweleza nini juu ya Mungu asiyewatupa waja wake?

Wako watakaosema nimeifanya imani kuwa ngumu, kwamba nimeondoa miujiza nikabakiza kazi. La, sikuondoa. Mungu aweza kutenda atakalo, na mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini mwujiza ni zawadi, na zawadi haipangiwi ratiba. Kazi yetu tumeonyeshwa, nayo haina siri: kusema kweli, kusoma, kulima, kumhudumia mgonjwa, kumtetea aliyeonewa, na kuomba katika yote hayo. Tukiifanya, twaweza kulala usiku bila kujua kesho italeta nini, maana twamjua mwenye kesho.

Nawatakia watahiniwa wa mwaka huu afya njema, kumbukumbu nzuri, na mioyo iliyotulia.